Mtoto Aliyepewa Jina la Mwalimu Mabula

Ndugu Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bernadeta. Walimu wangu, wazazi na wanafunzi wenzangu: wakubwa wote, shikamooni.

Leo ni Ijumaa, tarehe 29 Septemba 1995, na mimi, Justa Malimi wa darasa la saba, nimeazimia kusema yote, hata yasiyomo katika karatasi ya hotuba niliyosahihishiwa.

Karatasi inasema Mwalimu Mabula ametufundisha hapa Ilemela miaka kumi na minane, na kesho anahamia Magu kuendesha mashine yake ya kukoboa mpunga. Haisemi kwamba mwaka jana, baba aliponitaka niache shule nikauze vitumbua Mabatini, Mwalimu alikuja kwetu siku tatu mfululizo, akazungumza habari za ng'ombe na za shule mpaka baba akachoka kukataa.

Mwezi uliopita mama alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Mabula. Bibi akashangaa: "Mabula ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua. Mvua gani Agosti hii? Vumbi mpaka kwenye uji!"

Mama akasema, "Mama, nimempa jina la mwalimu aliyemrudisha Justa shuleni."

Tangu hapo nimechanganyikiwa. Kwetu mtoto huitwa kwa heshima ya yule mwenye jina, basi mama hunituma: "Justa, mbadilishe Mwalimu nguo, kajikojolea!" Jamani, msicheke. Akinivuta nywele, nimkemee vipi? Nimwamkie kwanza?

Tena desturi yetu inataka mwenye jina aje ampakate mtoto. Nilitumwa nikuite, Mwalimu, wiki tatu zilizopita. Mara nne nilifika mlangoni pa ofisi ya walimu. Lakini mwanafunzi atamwambiaje mwalimu wake, "Mabula amezaliwa nyumbani"? Nikasema shikamoo, nikachukua chaki, nikarudi darasani. Nyumbani nikadanganya kwamba una kazi nyingi. Sasa baba amekasirika: "Kama amemkataa mtoto, kuanzia kesho huyu ataitwa Shimba."

Baba, hakukataa. Hakuambiwa. Ni mimi niliyenyamaza, na mpaka sasa sijui kama nilikuwa na adabu au nilikuwa mwoga.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunivumilia. Mwalimu, mama amesimama pale nyuma, mtoto yuko mgongoni. Tafadhali nijibu sasa hivi, kabla soda hazijagawiwa: utampakata?