Ndoo ya Rangi ya Maziwa

Kwenye gari la Mikumi kwenda Kilosa, mbele yangu alikaa bwana mmoja aliyepakata ndoo ya rangi kama mtoto wa kwanza. Alimwamkia mama wa pembeni yake, na shikamoo ilipoitikiwa tu akaeleza, bila kuulizwa, kwamba anauza nyumba yake ya Mabwerebwere. "Nikishapaka hii rangi ya maziwa, mama yangu, bei inapanda. Mteja anatoka Dodoma Jumamosi, anakuja kuiona."

"Unapaka ipendeze, au unaficha alama ya yale mafuriko ya huko kwenu?" mama akauliza.

Bwana akacheka peke yake. "Mstari wenyewe umepita juu ya dirisha kidogo tu. Sasa nani atanunua nyumba yenye mstari wa tope?"

"Na mstari wa nyumba ya jirani yako?"

"Mteja anakuja kuangalia yangu."

"Kumbe atakuja amefumba macho." Mama akahamishia mkoba wake upande wa pili, nadhani asije naye akapakwa rangi. "Haya, mtauziana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na majirani watasaini ushahidi. Si ndio hao mliokaa nao juu ya mapaa siku ya maji? Mteja akiwauliza, waseme mlipanda kupunga upepo?"

Bwana akaigeuza ndoo, akasoma maandishi ya ubavuni.

Gari liliposimama stendi ya Kilosa, alishuka ameweka simu sikioni, akimuuliza fundi kama ndoo moja inatosha nyumba mbili.