Adélaïde Ntirampeba, Aliyekataa Kufunga Shule ya Jabe

Adélaïde Ntirampeba, tunayemsindikiza asubuhi ya leo, alizaliwa Gasenyi tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa Mzee Simeoni na Mama Veronika, ambao wote wamemtangulia. Mdogo wake Valéry, anayesoma maneno haya, alimfuata kuzaliwa, na tangu hapo hakuwahi kumshinda kwa ubishi.

Alisoma shule ya msingi huko huko Gasenyi, kisha shule ya ualimu, akapata diploma mwaka 1989. Siku yake ya kwanza ya kufundisha, katika shule ya Mutakura, alikuta watoto wamejaa hadi dirishani na hakuna dawati la kutosha. Walimu wenzake wakasimama nje kulalamika. Yeye aliketi sakafuni na watoto, akaanza somo. Alifundisha hapo miaka ya amani na miaka ya vita, mpaka mwaka 2013 komini, yaani serikali ya eneo letu, ilipomwita kuwa mshauri wake wa elimu.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na Libère, fundi redio. Shemeji mwenyewe husimulia kwamba barua yake ya kwanza ya mapenzi ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini imeandikwa: "Rudia." Akarudia. Walijaliwa watoto wawili, Orlane na Claude.

Sasa tuje kwenye ile kazi ambayo mji mzima unaijua. Septemba 2023, shule moja ya mtaa wa Jabe ilikuwa imeshika mkia tena katika mtihani wa taifa wa darasa la tisa. Komini ikaona heri ifungwe na watoto watawanywe kwingine. Adélaïde ndiye aliyetumwa kwenda kuifunga.

Alifika, lakini kabla ya kusema lolote aliomba akae darasani kidogo. Akawauliza watoto kwa Kirundi kazi ya *umuti*, yaani dawa. Mikono ikaenda juu. Mmoja akasema tunapata matunda. Mwingine akasema tunakata, tunapika makaa.

"Na mugonjwa, anaifanyia nini?" akauliza Adélaïde, kwa Kiswahili sasa.

"Anakaa kwa kivuli, madamu."

Alicheka mpaka akatoa kitambaa. Nyumbani kwao Jabe watoto wale huongea Kiswahili, na kwao *muti* ni mti. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walijibu vizuri swali ambalo hawakuulizwa, na mwaka baada ya mwaka wakapewa sifuri. Kicheko kilipoisha alikasirika, na aliyewahi kumwona dada yetu amekasirika anajua hapakuwa na simile.

Akamgeukia mkuu wa shule, Bwana Uthmani, mzaliwa wa Jabe, akamuuliza kwa nini hawaelezi watoto kwa lugha yao kwanza.

"Naogopa komini, madamu. Itanigombeza."

"Komini ni mimi."

Alirudi ofisini. Administrata, mkuu wa komini, akamwambia, "Madamu, nimekutuma ufunge, apana kufungua." Akamjibu, "Nipe mwaka moja. Ikishika mukia tena, mi mwenyewe nitafunga ile mulango, na kazi yangu utachukua." Alipewa huo mwaka, na nyumbani hatukulala vizuri, maana tulijua hatanii.

Alichokifanya hakikuwa uchawi. Aliwaomba walimu wenzake wa zamani wa Mutakura waje kufundisha pamoja na wale wa Jabe, bega kwa bega, wala si kuwakagua. Kila neno gumu lilianza kwa Kiswahili, likaenda Kirundi, likafika Kifaransa. Mama Mwanvua, mwenyekiti wa wazazi, muuza maandazi sokoni Jabe, alizungumza na wakubwa wa madrasa, wakatoa chumba cha kurudia masomo alasiri. Adélaïde, Mkatoliki wa kupigiwa mfano, akawa anavua viatu mlangoni pale kila wiki na kuamkia "Asalam aleikum" kwa sauti kuliko wenyeji.

Februari 2024 madaktari waligundua saratani ya ini. Tulimsihi apumzike. Akasema ini ni lake, shule ni ya watu. Aliendelea kwenda Jabe, mwisho akibebwa kwa pikipiki ya Claude, na iliuma sana kumtazama.

Matokeo yalitoka akiwa kitandani hospitalini. Mama Mwanvua aliingia wodini akipiga vigelegele. Muuguzi akaja kumnyamazisha, akasikia habari, naye akapiga. Shule ya Jabe ilikuwa ya tatu katika komini nzima! Adélaïde akauliza, "Na mbili za mbele, zimetuzidi wapi?"

Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Libère.

Ameacha mume, watoto Orlane na Claude, mjukuu mmoja, na mdogo wake Valéry, ambaye leo angetoa chochote ashindwe naye kwa ubishi mara moja tena. Mmeuliza kwa nini wazazi wa Jabe wamekuja wengi hivi na hatuwaoni watoto. Bwana Uthmani alitaka kusimamisha masomo kwa heshima yake, lakini marehemu alikuwa ameshamwonya: "Sikukataa wengine waifunge ili nije kuifunga mimi." Kwa hiyo wanafunzi wake, saa hii tunayomzika, wako darasani.

Mungu ampe amani na pumziko. Shule iko wazi.