Mbuzi Juu ya Lori

Mbele yangu kwenye treni ya asubuhi, kinyozi mmoja alikuwa akimwonyesha muuguzi aliyekaa karibu naye gemu kwenye simu, ile ya kuendesha malori. Hawakuwa wanajuana, lakini wapenzi wa gemu hawasubiri kutambulishwa.

"Toleo jipya hili, dada. Waliolitengeneza mwanzo wameiachia gemu kampuni nyingine."

"Sitaki hata kuliona," muuguzi akasema. "Mtoto umzae wewe, halafu umpe mgeni amlee? Mimi lile la kwanza nililicheza na marehemu kaka yangu. Ukiegesha lori kisimani, mbuzi anapanda juu ya paa. Tulikuwa tunacheka mpaka mama anatufokea."

"Mbuzi yupo."

"Hawezi kuwepo. Lilikuwa kosa la mafundi tu."

"Ndiyo. Hawa wapya wameandika kila kitu upya, kosa likapotea lenyewe. Wakasema hapana, wakakaa chini wakalitengeneza tena makusudi. Hao jamaa nawavulia kofia."

Mimi nisiyejua gemu hata moja nilijikuta nimerefusha shingo kama twiga.

"Yule mbuzi alikuwa anageuka kwanza, ndipo anaruka chini," muuguzi akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Kaka alikuwa anampungia mkono."

Kinyozi akampa simu, naye akaliendesha lori mpaka kisimani. Treni ikasimama kwenye kituo anachoshukia kinyozi. Alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka simu yake, akarudi amenyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," muuguzi akasema bila kuinua macho. "Bado hajageuka."