Seremala wa Ubeti wa Tatu

Mwanahistoria alikuwa akifaidi umbea wa basi la asubuhi, mpaka konda alipoanza kuimba ubeti wa tatu wa wimbo wa mgomo wa reli, ambao mwanahistoria mwenyewe ndiye aliyeutunga: "Wenziwe walipolala, kawauza seremala."

"Konda, hebu nyamaza," akasema fundi cherehani aliyekaa kiti cha pembeni. "Seremala huyo ni baba yangu."

"Si wimbo tu, mama?"

"Wimbo tu! Tumehama mitaa mitatu. Mpaka anakufa, hakuna aliyempa kazi ya hata kigoda."

Mwanahistoria akageukia dirishani. Kwenye kitabu chake aliandika ukweli, kwamba msaliti alikuwa karani. Lakini neno "karani" liligoma kuingia kwenye vina vya wimbo, akaweka "seremala"; na kitabu chenyewe nani alikisoma? Wimbo uliimbwa hadi harusini.

"Leo naenda chuoni kumtafuta mtunzi," fundi akaendelea, akipapasa mkoba uliotokeza mkasi. "Nasikia ana kovu kidevuni."

Mwanahistoria akashika kidevu kama anayeumwa jino.

"Chuo, wanaoshuka!" konda akaita.

Fundi akasimama, akamtazama mwanahistoria. "Baba, hushuki? Kadi ya chuo si hiyo shingoni mwako?"

Mlango ukafunguka. Mkono wa mwanahistoria ulikuwa bado kidevuni.