Masanduku Yenye Alama ya Duara

Ndugu zangu, kina mama, wazee, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mnangoja lori, nawasalimu katika jina la yule aliyenitoa gizani. Nimeombwa niseme kwa ufupi. Naona wanaonijua wameanza kucheka. Sawa, nitajaribu. Jina la mtu sitalitaja, maana wengine wenu mlikuwepo, na baada ya ibada mtakuja kwangu kunywa chai. Sitaki mtu anywe chai yangu akitazama chini.

Kazi yangu mnaijua. Mimi hufunga matunda. Plamu zinazochumwa huku kwetu Bahati zikipelekwa Nakuru stesheni na kupanda gari la moshi mpaka Mombasa, ni mikono kama hii iliyozilaza sandukuni. Wengine hudhani ni kazi ya kutupa matunda ndani na kupiga misumari. Jaribu uone. Plamu ina unga mweupe juu ya ngozi yake, na ukiishika ovyo vidole vyako vinabaki pale. Unachagua iliyo ngumu bado, kwa sababu itaivia njiani. Unaiviringisha kwa karatasi nyembamba, unailaza juu ya maranda makavu ya mbao, na mwenzake unamlaza kando bila kumbana. Ukishapigilia kifuniko, unachora alama yako kwa makaa ili ijulikane ni nani aliyefunga. Alama yangu ilikuwa duara. Nilikuwa hodari, nasema hivyo bila kujisifu. Haya, na kujisifu kidogo.

Katika ile miaka ya hali ya hatari, mume wangu alishikwa na kichomi akafariki. Mtoto wetu wa kike alikuwa bado hajatembea. Mbao za jeneza hazikupatikana. Kwenda mjini kuzitafuta ilikuwa lazima upate ruhusa, na maiti haingoji ruhusa. Fundi wetu wa masanduku, Mhindi mmoja mwenye kilemba na ndevu nyingi, aliingia karakana kwake. Alichukua mbao za masanduku ya plamu, akaziunga, akazipiga randa vizuri, na mume wangu akazikwa ndani yake. Mbao zilizobaki zilirudi karakana pamoja na nyingine. Siku ile watu walimshukuru. Maneno yalikuja baadaye.

Sasa mnajua desturi yetu wenyewe. Mjane hukaa kando mpaka atakaswe. Anyolewe, mbuzi achinjwe, na mkubwa wa ukoo wa mume aseme maneno yake. Mkubwa huyo alikuwa shemeji yangu, na shemeji yangu alikuwa amepakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine na kupelekwa kizuizini, hatukujua wapi. Kwa hiyo nikabaki katikati, si wa huku, si wa kule. Wenzangu kazini hawakunichukia, hilo naomba mlielewe. Waliogopa. Na mtu mwenye hofu anaweza kukutendea ubaya huku machozi ya huruma yanamtoka. Walimwomba nyapara anitafutie mahali pangu, nisishike karatasi zao wala maranda yao.

Nyapara akanipa chumba cha pareto.

Ninyi wageni hamkijui. Kilikuwa nyuma ya ghala, chumba cha mawe kisicho na dirisha, walikokuwa wakikaushia maua ya pareto zamani. Ukutani mlikuwa na tanuri, mdomo wake wa kuni ukiwa upande wa nje, na matundu madogo ya kupitisha joto upande wa ndani. Lilikuwa halijawashwa tangu wajenge jipya kule juu. Niliwekewa meza na mrundo wa plamu, nami nikawa nafunga peke yangu, mlango ukiwa wazi nipate mwanga. Masanduku yangu yalikaa humo mpaka siku ya lori la kwenda stesheni. Hakuna aliyeingia. Aliyeniletea plamu aliziweka kizingitini, akakohoa kunijulisha, akaondoka kwa haraka.

Ndugu zangu, nawaambia kile chumba kilikuwa na kitu.

Kwanza ilikuwa harufu. Harufu tamu, nzito, kama ya kitu kinachotaka kuoza lakini hakijaamua. Ilikuwa ikija na kupotea. Halafu ukuta. Siku moja niliegemea pale penye tanuri, nikaruka. Ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua halikufika kule. Lilikuwa joto la mwili, kama unapoweka kiganja mgongoni mwa mtu aliyelala. Nikasema ni kichwa changu, ni msiba. Lakini asubuhi nilipofika mapema nilisikia mkwaruzo ndani ya ukuta, na mnong'ono, kisha kimya. Nikaita jina la mume wangu. Ndiyo, niliita. Msinitazame hivyo, nanyi mngeita.

Na plamu zenyewe zilikuwa zikibadilika. Nilifunga matunda magumu, mekundu upande mmoja tu. Nikifungua sanduku kuongeza maranda, nilikuta yamekuwa meusi, laini, karatasi imeanza kushika ngozi. Yalizeeka nikiwa nayaangalia. Na pale nilipokuwa nimeyashika, ndipo palipoanza kuoza. Nililiona doa la kidole gumba, na ng'ambo yake doa la kidole cha shahada. Vyangu.

Habari ikaja kutoka pwani kwamba masanduku yenye duara yamefika yakivuja. Yale mengine yote yalikuwa mazima. Mzigo uliofuata, hivyo hivyo. Sasa watu wakakumbuka zile mbao. Wakasema masanduku yangu na jeneza ni ndugu wa tumbo moja, kwamba mume anadai mkono wa mkewe, na kila kinachoguswa na mkono huo kinamfuata yeye kule chini. Hawakunisema mbele yangu. Lakini mtu hujua. Kisimani walininyamazia, ndoo zao wakazivuta kando.

Nami niliamini. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Si walipoamini wao, ni nilipoamini mimi.

Nikifika nyumbani, mtoto wangu alikuwa akininyooshea mikono nami naificha yangu nyuma ya mgongo. Nilikuwa nimeona nilichozifanyia plamu, na shavu la mtoto lina ngozi laini kuliko plamu. Nilimwomba mama mkwe amchukue alale naye, amwogeshe, amlishe. Mtoto akilia, nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikaziba masikio. Akaja kuzoea. Alianza kunitazama kama anavyomtazama mtu anayepita njia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo. Hebu fikirini, mama anashukuru mtoto wake amemsahau.

Kisha nyapara akanisimamisha kizingitini. Hata yeye hakuingia. Akasema, "Mama, pole sana, lakini mzungu mwenye shamba amechoka. Mzigo mwingine ukiharibika, utafunga vitu vyako utoke shambani. Na mtoto, unajua mwenyewe, ni wa ukoo. Atabaki na nyanya yake." Nilimjibu kwamba ni sawa. Nilisema ni sawa, mnanisikia? Niliona heri mtoto aishi mbali nami.

Aliyenizuia ni yule fundi. Maneno ya mbao yalikuwa yamemfikia naye, na yalimuudhi sana. Alikuja mpaka kwenye chumba cha pareto, akaingia moja kwa moja, mtu wa kwanza tangu niwekwe humo. Akaketi juu ya sanduku langu, akafungua chapati zake, akanimegea. Sikupokea. Nilimwonyesha mikono yangu.

Akaniuliza, "Mama, nani alitengeneza sanduku ya bwana yako?"

"Ni wewe."

"Nani aliweka bwana yako ndani? Mimi na wazee wawili. Mimi nimeshika yeye hapa na hapa." Akaonyesha mabega. "Kama iko laana, mimi ndiyo ya kwanza. Mimi nimeoza?"

Nilimtazama. Alikuwa mzee, lakini hakuwa ameoza. Ndevu zake zilikuwa na vumbi la mbao na makombo ya chapati. Sijui kwa nini makombo yale yaliniliza.

Alikwenda kwa nyapara na neno lake lilikuwa fupi. Sanduku moja litengenezwe kwa zile mbao zilizobaki za jeneza, mimi nilifunge kwa mikono yangu, lakini nilifungie karakana kwake na libaki huko. La pili liwe la mbao mpya, alifunge yeye, ila akae kwenye chumba cha pareto na liachwe pale. Plamu zitoke mti mmoja. Nyapara akakubali, nadhani kwa sababu alitaka yaishe.

Nilipofunga sanduku lile nilikagua mbao zake moja moja. Ubao mmoja ulikuwa na jicho jeusi la mti, nami nililikumbuka jicho hilo, nilikuwa nimelitazama kutwa nzima fundi alipouegemeza ubao huo karibu na kichwa cha mume wangu, akiunga jeneza. Nikalaza plamu juu yake. Nikachora duara.

Siku ya lori walikusanyika wote uwanjani, wanawake wa ghala na watu wa kambi ya wafanyakazi, na mama mkwe akiwa na mtoto mgongoni. Fundi akang'oa misumari ya sanduku langu kwanza. Nilifumba macho. Nikasikia mwanamke mmoja akivuta pumzi, nikafumbua. Plamu zilikuwa ngumu, unga wake mweupe bado uko juu, kama tulivyozichuma. Kisha akafungua la kwake. Karatasi zilikuwa zimelowa. Plamu zilikuwa nyeusi zikitoa maji, na juu yake, ndugu zangu, kulikuwa na madoa ya vidole vinene vya fundi.

Nadhani wengine walianza kusogea mbali naye, kwa mazoea tu.

Mama mkwe akasogea, akainama juu ya sanduku lililooza akalinusa. Akasema, "Harufu hii naijua." Akazunguka nyuma ya ghala, nasi tukamfuata. Alipiga magoti kwenye mdomo wa tanuri la zamani, akauvuta ule mlango wa bati, na pumzi ikatoka. Ilikuwa ya joto na tamu, ile ile iliyokuwa ikinijia chumbani. Mle ndani gizani zilikuwa zimelala ndizi, mkungu juu ya mkungu, zimefunikwa majani na magunia, na chini yake majivu ya moto. Zile za mbele zilikuwa zimeiva mpaka zikapasuka.

"Ni nani aliyevumbika ndizi hapa?" akauliza.

Mwanamke mmoja wa ghala akasema, "Wangu ni mkungu mmoja tu, mama." Mwingine akasema naye ni mmoja tu. Na mwingine. Kumbe kila mmoja alikuwa na wake mmoja tu.

Mama mkwe akawageukia. "Ninyi mmelelewa na nani? Mkungu ukichelewa, hamtii katikati yake ndizi moja mbivu? Pumzi ya mbivu ndiyo inayoivisha mbichi. Na haya matundu yanaelekea wapi?"

Yalielekea kwangu. Plamu zangu zilikuwa zikipumua pumzi za ndizi kutwa kucha, na zikaiva kabla hata ya kuona gari la moshi. Zikioza, zilianzia pale kidole kilipoondoa unga. Ule mkwaruzo na mnong'ono wa asubuhi walikuwa ni wao wakipanga mikungu. Nikauliza kwa nini waliziweka pale, na mmoja wao, ambaye ni rafiki yangu sana hadi leo, akajibu akitazama vidole vyake vya miguu: "Kambini zinaibwa. Pale hakuna mwizi angethubutu, kwa sababu yako."

Mnaelewa? Walinitenga kwa kuogopa nitaharibu kitu, na kutengwa kule ndiko kulikokiharibu. Nilikuwa mbwa wao wa kulinda ndizi nami sikujua. Nilikasirika, sitawaficha. Niliwatolea maneno ambayo hayafai kurudiwa kanisani.

Kisha nikamgeukia mama mkwe nikanyoosha mikono. Yeye akafungua kitenge bila kuniuliza. Mtoto hakunitaka, alinitazama kama mgeni, akalia. Nilimshika hivyo hivyo. Niliweka vidole vyangu shavuni mwake nikaviondoa, nikaangalia. Alama zilibaki kidogo, nyeupe, halafu damu ikarudi zikatoweka. Nilirudia tena. Wanawake waliokuwa wamenizunguka walikuwa wakilia, nami nikaacha walie.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi, ambaye haombi kama sisi na hayupo hapa leo, lakini alikula chakula penye hofu. Namshukuru mama mkwe na pua yake. Shemeji alirudi, akasema maneno yake, mbuzi akaliwa, na ubaya haukuwepo katika hilo. Binti yangu ni yule pale, anayejifanya hanijui kwa sababu ninaongea sana.

Jambo moja sijalielewa. Asubuhi moja mle chumbani nilisikia kikohozi ndani ya ukuta, kikohozi cha mwanaume, kile kikavu cha mwisho. Nimewauliza wanawake wote, na wanaume pia. Hakuna aliyekohoa. Siwadanganyi ili ushuhuda upendeze. Sina jibu, na siku hizi siogopi kutokuwa nalo.

Funzo langu ni dogo. Mkimweka mtu peke yake gizani, ataharibika, nanyi mtasema mlijua tangu mwanzo. Kabla ya kunusa mikono yake, zungukeni nyuma muone mmeweka nini ninyi.

Namaliza. Nilipokuwa nikisema nimetazama kule nyuma, karibu na nguzo. Yupo dada mmoja mjane, amenyolewa juzi na mbuzi wake bado hajachinjwa, na benchi lote ni lake, hali ninyi huku mbele mmebanana hadi mnakaliana nguo. Sitaketi pale mlipoandaa kiti changu. Vijana, nipisheni njia.

Dada, sogea kidogo. Na mkono wako nipe.