Pacha Wawili, Sahani Mbili

Kaeni, kina mama wenzangu wa kikundi, nyimbo zimetosha. Leo sikuleta machozi, nimeleta hasira, na nyingine ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mnajua nina pacha wa kike, wanafanana hadi baba yao huwachanganya. Walipoacha ziwa, mama mkwe akasema atanipunguzia mzigo, akamchukua mmoja kwake, mtaa wa Baba Dogo. Wa pili nikabaki naye hapa Kariobangi. Mimi nikiwa saluni, yeye anashinda kwa mama anayechunga watoto wa ploti tunayopanga. Akilia, biskuti. Akilia tena, chai ya rangi. Jioni nampa ugali na mboga ya managu, anatema. Nikichoka nampa chipsi, tunalala kwa amani.

Alipofika miaka mitatu, nguo za mwaka uliopita bado zilimpwaya. Nywele zikawa rangi ya kutu. Kliniki wakanionya: akipungua tena kidogo tu, atalazwa. Ukoo wa mume wangu ulisemaje? Shangazi mmoja, ambaye hajawahi kumwosha mtoto huyo hata uso, alimwinua kwa mkono mmoja kama kuku wa sokoni.

"Huyu amefuata kwenu. Si nyote mmekauka hivi? Yule mwingine ndiye wetu."

Mama mkwe naye akaitikia kwamba ni damu ya kwetu. Maprofesa wa viti vya plastiki!

Na mimi, ndugu zangu, nawaambia bila kujificha: nilikubali. Nilimaliza fomu foo, biolojia nilisoma, nikakubali. Kukubali kulikuwa kutamu. Kama ni damu, basi si mimi. Nikaacha hata kupika mboga.

Kisha pale kliniki akaja mama mtafiti anayetafuta mapacha, ajue ulaji wa mtoto unatokana na alivyozaliwa au anavyolelewa. Alisema wanalinganisha mapacha wa yai moja, ambao urithi wao ni mmoja, na wa mayai mawili. Wakapima mate ya wangu wote wawili. Majibu yakaja: yai moja. Akaniuliza yule wa Baba Dogo anakula nini.

"Managu, visamaki vya omena, maharagwe. Anagombania sinia na binamu zake."

"Sasa mama, huyu amerithi nini ambacho mwenzake hakurithi?"

Nikaichukua kadi ya kliniki, nikautazama mstari wa uzito.

"Sisemi kuzaliwa si kitu," akaongeza. "Kuna watoto wanaozaliwa wakisikia uchungu wa mboga zaidi ya wengine. Lakini hawa wako walizaliwa sawa."

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi Baba Dogo.

"Unampeleka wapi mtoto wangu?" mama mkwe akauliza.

"Kwetu, tuliokauka."

Nikawaweka sinia moja. Wiki nzima huyu mwembamba akatazama tu. Siku ya nane dada yake akamwambia, "Hutaki? Nakula yako!" Akaunyosha mkono. Huyu akalinyakua tonge la managu, akalimeza uso umekunjamana. Hapo ndipo nilipolia.

Leo uzito wake uko juu ya mstari kwenye kadi. Namshukuru mtafiti yule kwa swali lake, na muuguzi wa kliniki aliyempima kila wiki bila kunidharau. Hata mama mkwe namshukuru, alilisha vizuri. Ni mdomo wake tu sijausamehe.

Na wewe hapo nyuma, unayemfunika mtoto kwa leso ukisema amefuata babake: mlete. Mizani ya kupimia watoto iko hapo mlangoni. Utalia kidogo, kisha utaenda kupika.