Chupa za Jumanne

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Mwenye kikombe akishike, mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo namzungumzia mtu ambaye wengi wenu mlipishana naye njiani mkaziba pua.

Ni Mama Chupa. Hilo ni jina la mtaani, na mgeni akilisikia alidhani ni mlevi. Wala! Hakuwahi hata kuonja. Mtoto pia hakuwa naye, ila "mama" aliitwa na kila mtu. Alifariki wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake, peke yake, akiwa na miaka hamsini na tisa. Ni moyo, daktari alisema. Mazikoni tulikuwa watu kumi na mmoja. Nasema kwa uchungu, kumi na mmoja tu.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila Jumanne asubuhi alifunua chemba tatu za maji taka. Alikuwa na mti mrefu wenye kopo mwishoni. Anachota, anajaza chupa, anaandika tarehe, anapeleka kupimwa. Mtauliza, maji taka ya nini jamani? Sikilizeni. Mtu akipata ugonjwa ule uliotufungia milango, vijidudu huonekana chooni kwake kabla hajakohoa hata mara moja. Kwa hiyo chupa inajua kabla ya hospitali. Chupa inajua kwanza.

Wakati wa janga, serikali ilitoa fedha za kazi hiyo. Walikuwa watu wanne, na gari lao, na chumba chao cha kupimia. Kila Ijumaa majibu yalitoka, na kila Ijumaa jioni Mama Chupa alipita kwa mdogo wake wa kike, ndugu pekee aliyebaki naye. Mdogo mtu alimpokea mlangoni na ndoo ya maji. "Dada, oga kwanza, ndipo tusalimiane." Mume wa mdogo mtu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake haukutulia. Akimwona tu, anasimamisha cherehani. "Shemeji! Kuna habari gani kutoka chooni?"

Naye hujibu, "Hakuna kitu, shemeji," au, "Imo, jifungieni." Wakacheka, wakacheka. Lakini akisema imo, fundi alifunga duka, na wateja akawaambia kupitia dirishani wakae mbali. Alimwamini shemeji yake kuliko taarifa ya habari.

Kisha watu wakaacha kuugua, na walio juu wakaona yamekwisha. Fedha zikakatwa. Barua ilikuwa na mistari minne: shughuli ya kupima imesitishwa hadi bajeti itakaporuhusu. Gari likaondoka. Wenzake watatu wakahamishiwa idara nyingine palepale. Chumba kikageuzwa stoo ya viti vibovu, na friza ya kuhifadhia chupa ikasukumwa kwenye ujia, karibu na choo cha wafanyakazi.

Mama Chupa akabaki na dawati, mshahara wake wa siku zote, na Jumanne yake.

Maana aliendelea kuchota! Miguu ni yangu, alimwambia dereva wa zamani wa lile gari, na chupa zinaoshwa. Dawa za kupimia ndizo zilizohitaji bajeti, na hizo hazikuwepo. Basi akachota kwa mguu, chemba tatu, akaandika tarehe, akagandisha. Kwenye plagi ya friza alibandika karatasi: USICHOMOE, TAFADHALI SANA. Walichomoa, bila shaka. Walichaji simu zao. Alirudisha plagi bila kugombana na mtu, akaongeza karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Aliandika barua kuomba dawa za kupimia. Aliandika tena. Mkubwa wake mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mama, ugonjwa umekwisha, wewe bado unatuchotea nini?" Wakamcheka. Saa ya chai akikaa kwenye benchi, benchi lote linakuwa lake. Dereva aliniambia, "Alikuwa akijisemesha. Alikuwa akizihesabia chupa tarehe zake, moja moja, kama anaita mahudhurio."

Na Ijumaa bado alikwenda kwa mdogo wake. Bado anaoga, bado fundi anasimamisha cherehani. "Shemeji, kuna habari gani?"

"Sijui, shemeji. Chupa zimelala."

Miezi tisa, wasikilizaji wapendwa. Mwezi wa tisa fundi cherehani akaanza kukohoa. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Siku ya sita akawa hoi, siku ya tisa hatunaye. Wiki hiyohiyo wodi zikajaa, na kama mjuavyo, wodi zikijaa fedha huonekana. Dawa za kupimia zikaletwa na gari lenye king'ora. Daktari mkuu akakumbuka friza ya ujiani, akaja mwenyewe, akasimama mbele ya zile karatasi mbili na kusema, "Kumbe uliendelea?"

Wakapima chupa zote. Za miezi ya mwanzo, hakuna kitu. Kisha ikaja chupa ya chemba ya tatu, ile ya mtaa wa fundi. Imo. Wakatazama tarehe. Ilikuwa imechotwa wiki tano kabla fundi hajakohoa.

Wiki tano! Daktari alimpongeza, akapiga naye picha. Dereva alikuwepo. Anasema Mama Chupa hakuitazama kamera. Alirudia neno moja tu: "Nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nayo mkononi."

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mdogo wake. Miaka miwili. Kazi ilirudi, chupa zikawa zinapelekwa maabara mpya ya mji mwingine, na kijana wa kule akimpigia simu ya majibu kila Ijumaa. Lakini Ijumaa hakuwa na pa kuyapeleka. Mdogo wake alikuwa akimwona dirishani, amesimama ng'ambo ya barabara na mkoba wake, dakika chache, kisha anaondoka. Nilimuuliza mdogo mtu, mbona hukumwita? Akajifuta macho. "Sikumlaumu hata siku moja. Kosa lilikuwa la dada yangu au la waliomnyima dawa za kupimia? Nilikuwa nangoja aingie nimwambie hivyo. Kumbe na yeye alikuwa anangoja nimwite. Na ndoo ya maji ilikuwa mlangoni siku zote."

Jumanne ya mwisho alichota chemba zote tatu, akatuma chupa. Jumatano hakuonekana kazini. Dereva akaenda kugonga, akagonga sana. Alhamisi tukazika.

Ijumaa mdogo wake alikuwa nyumbani kwake mwenyewe, ameketi na mkoba wa marehemu mapajani. Simu iliyo ndani ikalia. Ni kijana wa maabara. Hakuwa na habari za msiba, na sauti za ndugu hawa zinafanana.

"Shikamoo mama. Za Jumanne zimetoka. Zote safi, hakuna kitu."

"Sikuweza kumwambia," mdogo mtu alinisimulia. "Nilisema, marahaba, asante mwanangu. Kisha nikageuka nimpe mtu habari. Nikakutana na cherehani."

Poleni sana, mdogo wa marehemu, na wewe dereva uliyembebea jeneza. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema, na pale asikae peke yake.

Nasi tuliobaki tutafakari. Fedha za kujikinga na magonjwa tunazikumbuka tunapolia, na tukifuta machozi tu tunazikata. Nafasi ya Mama Chupa bado iko wazi. Nimepiga simu kuuliza, nikaambiwa inasubiri bajeti. Jumanne imepita, na nyingine imepita. Friza bado inanguruma ujiani na karatasi zake mbili kwenye plagi. Ndani hamna kitu.